Nyama Yangu Waliyoizika Nyuma ya Nyumba

Majina yao sitaandika. Kazi ya kila mmoja nitaandika, na mtu wa Masisi akisoma atajua ni mlango gani. Kuna muuguzi wa kituo cha afya cha kijiji chetu. Kuna mume wangu. Kuna mama yake aliyemzaa, na huyo ndiye aliyefanya kwa moyo safi kabisa. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijapoa. Mtu anayekuua kwa ubaya unaweza kumtukana ukapumua. Anayekuua kwa upendo utamshika wapi?

Nilikuwa naoga mtoni na wanawake wenzangu nilipokigusa. Kitu kigumu, kidogo kama goroli, upande wa kushoto wa titi, ukikibonyeza kinakimbia chini ya kidole. Hakikuuma. Hicho ndicho kilichonidanganya, maana kwetu kisichouma si ugonjwa. Ukienda kituo cha afya bila maumivu wanakuuliza kama shamba limekuchosha. Msimu wa haragi, maharage yetu, ulipoisha kilikuwa kama yai. Msimu uliofuata kilikuwa kama avoka kubwa, na bado hakikuuma. Hapo ndipo nilipokwenda.

Muuguzi wetu alikuwa na koti jeupe lisilo na vifungo. Watu walimwita dokta na yeye aliitika. Alinibonyeza mara mbili, akafuta vidole vyake kwenye koti.

“Mama, hii ni abse. Usaha tu.”

“Lakini haiumi, Dokta.”

“Weye njo munganga ao mie njo munganga?”

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walicheka. Na mimi nilicheka nao, kwa aibu. Alinichoma sindano wiki nzima. Siku ya nane akachukua kiwembe akapasua. Usaha haukutoka. Ilitoka damu, na maji mepesi kama yale ya kuoshea nyama.

“Usaha imejificha mbali,” alisema, akaingiza kidole kuutafuta.

Niliuma kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, mpaka nikakitoboa. Alipochoka alijaza kitambaa kwenye tundu, akaniambia, “Titi yako iko na kichwa ngumu sawa weye mwenyewe.” Benchi likacheka tena.

Angesema tu “sijui.” Neno moja. Angesema “sijui, nenda Masisi kwenye hospitali,” na mimi ningekwenda kwa miguu. Lakini mtu akishaitwa dokta miaka kumi, “sijui” hailali tena kinywani mwake.

Kidonda hakikufunga, na uvimbe ukaendelea kukua ukisukumana nacho. Sisi wanawake wa kwetu tunabeba mzigo mgongoni, kamba imeshikwa na paji la uso. Kamba inavuta kichwa nyuma na kifua kinatangulia. Sasa kifua changu kilitangulia upande mmoja. Wanawake wa mtoni, walewale tuliooga pamoja, waliniimbia wakiniona nakuja.

“Mama, ile ya kushoto unabebea nani? Tupatie kidogo tupikie watoto!”

“Muache, ni mimba ya pembeni. Bwana yake alikosea njia.”

Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mama mkwe akasema ni maziwa ya mtoto yule, yamebaki ndani na kuganda kama fromaji, yaani jibini. Kila asubuhi alichemsha majani, akanilaza kwenye mkeka, akanikanda kwa viganja viwili na uzito wake wote. Mimi nalia, yeye anaomba Mungu. Nikimwambia imetosha, ananijibu, “Vumilia, mukamwana. Mie sina binti ingine sawa weye.” Naye binti alikuwa naye, wifi yangu, anaishi nyumba ya tatu. Mpaka leo naamini mama mkwe alisema kweli kuwa ananipenda. Mikono ilikuwa ileile.

Nilipofika hospitali ya Masisi titi lilikuwa kama papai, ngozi inang'aa, mishipa ya bluu imetambaa juu yake. Mume wangu alinisindikiza. Dokta hakucheka. Alinibonyeza polepole, akaingiza vidole kwapani, akatafuta huko muda mrefu.

“Hii si abse, Mama. Haijawahi kuwa abse. Nani alipasua hapa?”

Nilimtaja muuguzi. Dokta alitikisa kichwa tu, kana kwamba nimemtajia mvua.

“Kansa ya titi ninayoizoea,” alisema, “ikikua kiasi hiki, kwapani ungekuta vivimbe. Kwako kwapani ni safi. Inaweza kuwa uvimbe wa kawaida, inaweza kuwa aina ile ya nadra. Kwa macho siwezi kujua. Tutaitoa, ipelekwe labo ya Goma wakaisome kwa darubini. Na nataka nikate na nyama nzima kidogo pande zote, nisiache mzizi.”

Mume wangu alisimama. “Mutoe kitu. Titi mubakishe.”

“Papa, ikirudi itakuwa mbaya zaidi.”

“Dokta, mie njo nilitoa ng'ombe. Ile titi ni ya nyumba yangu. Mutoe kitu, titi ibaki.”

Mimi nilikuwa nimelala pale pale, kifua wazi, kati yao wawili. Dokta alinitazama mara moja. Nilingoja aniulize. Akamsukumia mume wangu kalamu. Basi na yule dokta nampa sehemu yake ya lawama.

Walitoa uvimbe, wakaushona mfuko uliobaki. Kwetu hospitali haina gari la kupeleka vitu labo, familia ndiyo inayobeba. Waliweka nyama yangu kwenye chupa ya mayoneze, wakaijaza formoli, dawa ile inayochoma macho na kuzuia nyama isioze. Wakabandika plasta yenye jina langu, wakampa mume wangu pamoja na barua. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, kuelekea Goma. Siku ya tatu alirudi na mkate wa Sake, mji wa njiani, chini ya kwapa.

“Wameisoma,” alisema. “Ni mafuta tu.”

“Karatasi iko wapi?”

“Mvua ilinikamata Sake. Ililowana, nikatupa.”

Nitaandika na hili, ingawa linaniuma. Nilifurahi. Nilikula ule mkate. Nilimwambia dokta ni mafuta, naye akakunja uso. “Labo gani inaweza kusema mafuta kwa kitu kama kile?” Aliahidi kupiga simu aulize. Lakini wiki ile mapigano yalifika mjini, hospitali ikabaki na walinzi na mbuzi, na dokta akaondoka na gari la kwanza. Sikumtafuta. Nani anatafuta habari mbaya akiwa na nzuri mkononi?

Kabla mwaka haujaisha kitu kilirudi, palepale kwenye mshono. Safari hii hakikungoja misimu. Kilikuwa kinakua kwa wiki, na kikapasua ngozi chenyewe, bila kiwembe cha mtu.

Siku hiyo tulikuwa tunapukuchua haragi uani, mimi na mama mkwe, miguu imenyooshwa kwenye mkeka. Nikamwambia, “Mama, yule dokta hakutoa vizuri.”

“Dokta?” Hakuinua hata macho. “Ule dokta angekuuwa. Mie njo nilikuokoa.”

“Uliniokoa namna gani?”

“Mume wako alipita hapa na chupa. Nikamuuliza, unabeba nini? Akasema nyama ya muke wangu, napeleka Goma. Nikamuambia, weye uko na akili? Nyama ya mutu hai uipatie watu usiojua, waikate-kate, kisha waitupe fasi gani? Mutu nyama yake ikilala ku udongo ya ugeni, mwenyewe anaifuata. Haimalize mwaka. Nikamwanga ile dawa yao ya ukali, nikaifunga ku jani ya mugomba, tukaizika nyuma ya nyumba na maombi. Umelala salama. Na asante sijaisikia bado.”

Punje za haragi zilikuwa zinaanguka kwenye sinia, moja moja.

“Mulizika. Weye na nani?”

“Na mume wako. Alichimba muzuri.”

Baadaye nilijua kuwa siku zile tatu alikuwa Sake kwa rafiki zake, akinywa, akingoja muda wa safari utimie. Kisha akanunua mkate.

Nilichukua jembe. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikaanza kuchimba pale ambapo kilio chake kilizidi nilipokaribia. Alinikamata kiuno. “Iache ilale! Mukamwana, iache ilale, utajiitia kifo mwenyewe!” Nilimsukuma akaangukia kisiki cha mgomba, na mpaka leo anachechemea. Sijuti. Wifi yangu alikuja mbio na majirani nyuma yake, wakasimama kama watu wa mpira.

“Anachimba nini?”

“Anatafuta titi yake!”

“Muulize kama ya kulia pia ameipanda!”

Nilikuta udongo mweusi, na minyoo, na mfuniko wa chupa ya mayoneze. Hata mjinga wa darasa la pili kama mimi alielewa. Bila ile dawa nyama ilikuwa imeoza ndani ya siku chache. Jibu langu lilikuwa limeliwa.

Hospitali ilikuwa imefunguliwa tena. Bwana wa mezani anayeandika wagonjwa aliniambia bila kusimama, “Kwa operesheni, mume aje asaini.” Mume wangu alikuwa Walikale, kwenye shimo la madini, mwaka ulikuwa unakwisha bila mguu wake nyumbani. Basi nilikwenda Walikale. Moto, kisha miguu, kisha moto tena, matope ya msitu mpaka magotini, kifua kinavuja ndani ya kikwembe nilichokifunga mara tatu. Nilimkuta mbele ya kibanda cha maturubai. Mlangoni kulikuwa na mwanamke anachuja sombe, majani ya muhogo, ametulia kama mwenye nyumba.

“Umekuja kufanya nini huku?” aliniuliza.

“Usaini.”

“Ya kwanza nilisaini. Ulipona?”

“Ya kwanza ulichimba shimo.”

Alitazama buti zake. Mwanamke aliacha kuchuja.

“Mama alisema,” alijibu. “Ulitaka nipigane na mama yangu juu ya kipande ya nyama?”

“Ulinambia ni mafuta.”

“Na ulifurahi. Sikukuona ukilia.”

Yule mwanamke alifunika pua na mkono wenye majani. “Papa, mupe tu saini yake aende. Ananuka.”

Hakunipa. Alisema nikamwombe dokta wangu asaini, si yeye ndiye anayenishika-shika. Akaingia ndani. Mwanamke akabaki ananitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, na bila ubaya, “Dada, enda. Hata mie hatanisainia siku yangu.” Huyo peke yake kati yao wote simweki kwenye orodha.

Nilirudi Masisi. Njia ilinila wiki mbili. Dokta mpya alikuwa mwanamke, mfupi, mwenye sauti kali. Nilipomweleza kwa nini nimechelewa alipiga meza.

“Nani alikutuma Walikale? Mwili ni wa nani?”

“Bwana wa pale mezani alisema...”

“Yule anaandika majina tu! Mwenye mwili ndiye anasaini. Shika.”

Wiki mbili za uvimbe wa kukua kwa wiki, kwa sababu ya mtu mwenye kalamu ya bik na uvivu. Nilisaini. Herufi za jina langu zilipanda na kushuka kama ng'ombe kwenye kilima, lakini zilikuwa zangu.

Alinichoma sindano nene, ikatoa nyuzi tatu za nyama, nyembamba kama minyoo. Akaziweka kwenye kichupa cha formoli. “Kwanza tujue jina lake,” alisema, “halafu wakukate Goma, maana hii kwangu imekuwa kubwa. Nani atabeba?”

“Mimi.”

Nilikaa kwenye moto, kichupa kimefungwa tumboni chini ya kikwembe. Motari, mwendesha moto, alihisi kitu mgongoni mwake.

“Mama, unabeba nini hapo? Pombe ya kasiksi?”

“Najibeba mwenyewe.”

“Alors uko watu wawili, tutaongea bei Goma!”

Kabla ya Sake kulikuwa na kizuizi, na vijana wenye bunduki, wale waliokuwa na barabara mwaka ule. Mmoja aliona uvimbe wa tumboni, akanyoosha mkono. “Fungua. Ni dhahabu ya Walikale hiyo.” Nikafungua kikwembe, nikampa kichupa. Akafungua kifuniko, akainamisha pua. Formoli ikampiga mpaka machozi yakatoka.

“Hii ni nini?”

“Titi yangu. Unataka na ingine?”

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Alinirudishia akiwa amekishika kwa ncha za vidole. Nilikagua kama nyuzi bado ni tatu. Zilikuwa tatu.

Karatasi ilichukua wiki nyingi, maana Goma nayo iliituma mbali zaidi. Dokta mpasuaji wa Goma, mzee mwenye miwani, aliniita akanikalisha kitini kama mtu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kifaransa, tumeri filode.

“Maana yake ni kama majani,” alisema. “Ukiitazama kwa darubini, ndani imejikunja-kunja kama kabichi iliyokatwa katikati. Ni ya nadra, hata mimi nimeziona chache. Dawa zile za kansa zinazoangusha nywele haziiwezi sana. Inataka kisu, na kisu kikate pana, mpaka kwenye nyama nzima. Ukiacha mzizi inarudi, na ikirudi inaweza kuwa na ukali zaidi. Hii yako sasa ni ile mbaya.”

“Na ya kwanza? Ilikuwa mbaya?”

“Ya kwanza iko wapi?”

Nilimweleza. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

“Kama ingesomwa, Dokta?”

“Tungekurudisha mezani mwezi uleule, tukate pembeni zaidi. Pengine ungebaki na titi. Pengine, Mama. Siwezi kusema zaidi, kwa sababu hakuna aliyeisoma.”

Hiyo “pengine” ndiyo waliyoniachia. Nikimlaumu mume wangu anaweza kujibu, pengine ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Hata hasira yangu waliizika nusu.

Walitoa titi lote, na nyama iliyo chini yake, mpaka naweza kuhesabu mbavu kwa kidole. Mkono wa kushoto haupandi tena kupita bega. Walipiga picha ya mapafu, kwa sababu ugonjwa huu ukisafiri hupenda kwenda huko, na mapafu yalikuwa safi. Nirudi kila miezi sita waangalie.

Siku ya nne mama mkwe aliingia wodini, anachechemea, na beseni jipya kichwani. Ndani ya beseni kulikuwa na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Alikuwa amesafiri juu ya magunia, kwenye lori la wafanyabiashara wa Butembo. Hakuniuliza habari.

“Iko wapi?”

Muuguzi wa wodi alimjibu, “Imechomwa, Mama. Kipande kidogo kimeenda labo, ingine yote imechomwa.”

Alikaa sakafuni, akaweka beseni mbele yake, akaanza kulia kilio kile cha msiba, cha mikono kichwani. Wagonjwa walifikiri nimekata roho. Mmoja alianza kunifunika uso na shuka. Nikamwambia, “Mama, niko hapa. Naongea.” Alinitazama kwa huruma kubwa, kama mtu anayesikia redio ya zamani. Kisha akachukua beseni lake akaenda, bila kunigusa.

Nilipona Goma. Baada ya majuma matatu motari aliniacha kwenye njia ya nyumbani. Uani kulikuwa na majivu ya moto mkubwa, na alama za mikeka kwenye udongo. Watoto wangu watatu walitoka ndani. Walikuwa wamenyolewa vichwa. Mkubwa alisimama mbali, na mdogo akakimbia nyuma ya nyumba akipiga kelele.

Walikuwa wamenililia siku nne. Mume wangu alikuja kutoka Walikale, yeye aliyeshindwa kuja kusaini, na majirani wanasema alilia vizuri sana, alishikwa na wanaume wawili. Kisha akarudi kwenye shimo lake. Sufuria zangu zilikuwa zimegawanywa. Shamba langu, lililotoka kwa baba yangu na si kwao, alikuwa amepewa wifi yangu, na alikuwa amelima, amepanda haragi, haragi zimeota.

“Mama,” nilimwambia mama mkwe, “ninasimama mbele yako.”

“Ni mwili inatembea,” alisema polepole. “Weye ulishaifuata nyama yako, mukamwana. Mie nilifanya yote nilijua.” Akaniletea chakula, akakiweka chini mbali na mimi, akarudi nyuma hatua mbili.

Sikula. Nilikwenda shambani. Niliinama kwenye mstari wa kwanza nikang'oa haragi kwa mkono wa kulia, shina na majani na mzizi, nikatupa nyuma. Kifua kilivuta kwenye mshono lakini nilijua sasa kipi kinapasuka na kipi kinauma tu. Wifi yangu alitokea juu ya kilima, akaweka mikono kiunoni.

“Eh! Mukuje muone! Mufu anang'oa haragi zangu!”

Watu walitoka. Wengine walicheka, wengine waliita watoto wao warudi ndani. Hakuna aliyethubutu kuingia shambani kunishika. Nikamaliza mstari wa kwanza, nikaanza wa pili.